Mayai ya kasa: wakati wa kuyahamisha, na sababu ya yale ya mwaka jana kuharibika

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana wa Shela, Lamu, tunaolinda viota vya kasa kwenye ufuo unaokwenda hadi Kipungani. Mwaka jana tuliona kiota karibu na maji, saa mbili asubuhi. Tukachimbua mayai 112, tukayatia kwenye ndoo mbili, tukayapakia kwa punda mpaka kwenye uzio wetu ulioezekwa makuti. Tulimaliza kuyafukia saa sita mchana. Baada ya siku 70 tukafukua, hakuna hata mtoto mmoja aliyetoka. Mengi yalikuwa na kiini cha manjano tu, mengine yana madoa ya waridi na meusi, na kama kumi yalikuwa na mtoto aliyekamilika lakini amekufa. Jana usiku kasa mwingine ametaga hatua chache juu ya mstari wa mwani. Tukihamishe kiota hiki? Na je, ni sawa kuwalipa vijana shilingi 500 kwa kila kiota wanachokileta uzioni?

JIBU: Ndugu zangu, nianze na kiota cha jana kwa kuwa ndicho chenye haraka. Kiacheni papo hapo. Mpaka mtakapoyasoma maneno haya, saa za kukihamisha zitakuwa zimeshapita, na mkikichimba sasa, mikono yenu itayadhuru mayai kuliko bahari.

Yai la kasa likiwa bado tumboni mwa mama husimama kukua, kwa kuwa oksijeni ni haba mno humo. Likishatagwa, hewa hukiamsha kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika. Baada ya saa chache tu kiinitete hukaa juu ya kiini, na utando wake huanza kujishikiza kwenye ganda upande wa juu. Kuanzia hapo yai lina juu na chini. Ukiligeuza, utando huchanika au kiini hukielemea kiinitete, nacho hufa. Kwa nje huoni kitu: ganda linabaki jeupe na la duara kwa wiki nyingi, na aliyeyahamisha huamini kazi yake imekuwa safi. Kwa hiyo wanaofanya kazi hii hujiwekea mpaka: saa mbili tangu kutagwa ndiyo salama, saa sita ndiyo mwisho. Zikipita, kiota hakiguswi mpaka siku kama 25 zitimie, na hata hapo ni pale tu mawimbi yanapokibomoa kweli kweli.

Sasa tuhesabu kiota chenu cha mwaka jana. Kasa hupanda pwani usiku, na kuchimba, kutaga na kufukia humchukua kama saa mbili hivi. Hata tukisema alimaliza saa tisa za usiku, mlipoyakuta saa mbili asubuhi saa tano zilikuwa zimekwenda. Mlipoyafukia saa sita mchana zilikuwa tisa. Kama alitaga mapema, saa nne au saa tano usiku, basi ni zaidi ya saa kumi na mbili. Juu ya hapo, yamepanda punda. Mnyama huyu akitembea kwenye mchanga laini huyumba kila hatua, na ndoo zilizoning'inia ubavuni hupigapiga. Mtikisiko wa namna hiyo, baada ya utando kushika, unatosha kuyaua hata kama hakuna yai lililogeuzwa.

Mlichokikuta baada ya siku 70 kinasimulia hivyo hivyo, ukikisoma vizuri. Mayai yenye kiini cha manjano bila mtoto ni yale yaliyokufa mapema. Tafadhali msiyaandike kwenye daftari kuwa "hayakuwa na mbegu". Siku ya 70 macho matupu hayawezi kutofautisha yai lisilo na mbegu na lile ambalo kiinitete chake kilikufa siku ya pili, na kwa kawaida yasiyo na mbegu ni machache katika kiota. Andikeni tu "hakuna kiinitete kinachoonekana". Kundi hilo likiwa kubwa kwenye kiota kilichohamishwa, la kushukiwa kwanza ni mkono na safari.

Madoa ya waridi na meusi ni bakteria na kuvu. Mara nyingi huanzia kwenye yai lililokufa, kisha huenea kwa jirani lililo hai. Mchanga wa uzio unaotumika msimu baada ya msimu, uliojaa maganda na ute wa mwaka uliopita, ndipo makao yao. Kama hamjawahi kubadilisha mchanga wenu, anzieni hapo.

Wale kumi waliokamilika ndio wanaonisikitisha zaidi, maana walinusurika safari. Huenda mayai yao hayakugeuzwa. Lakini watoto wa kasa hawapandi juu mmoja mmoja. Huanguliwa pamoja, wakatapatapa pamoja, mchanga wa juu ukawamwagikia na kujaa chini yao, na kundi zima likapanda kidogo kidogo kwa siku tatu hadi saba. Kumi waliozungukwa na mayai mia moja yaliyooza wamepungukiwa na nguvu hiyo, na uozo wenyewe umewalia oksijeni yao. Na kama kuna aliyeukanyaga mchanga kwa miguu baada ya kufukia ili "ushike", basi aliwafungia mlango.

Je, kiota cha mwaka jana kilistahili kuhamishwa? "Karibu na maji" si sababu ya kutosha. Cha kutazama ni maji gani yaliyouacha ule mstari wa mwani. Kama mstari mliouona uliachwa na bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, basi maji makubwa ya kawaida yameshafika kikomo chake, na kiota kilicho juu yake kina nafasi nzuri. Kama uliachwa na maji mafu, yaani yale madogo ya kati ya bamvua mbili, msidanganyike: siku saba baadaye bahari itapanda juu zaidi. Tafuteni mstari wa zamani, ule mkavu wenye majani ya bahari yaliyokwisha kuwa kahawia, na mtazame mlakasa, ule mmea utambaao ufuoni, unaanzia wapi. Panapoota mlakasa, bahari hufika kwa nadra. Kiota cha jana, kikiwa juu ya mstari wa bamvua, hakina neno. Kikiwa juu ya mstari wa maji mafu tu, kitaguswa na maji, lakini kuguswa na maji si kufa.

Hapa pana jambo ambalo walinzi wengi hawalijui. Majaribio ya mayai ya kasa yaliyochapishwa mwaka 2015 huko Australia yalionyesha kuwa kukaa chini ya maji ya chumvi saa moja hadi tatu kulipunguza uhai wa mayai kwa chini ya asilimia 10, na saa sita kwa karibu asilimia 30. Kiota kinacholoweshwa na ncha ya bamvua, maji yakaja yakarudi, hupoteza kidogo sana kuliko mlichopoteza nyinyi kwa kuyabeba. Kiota kinachofunikwa kila bamvua kwa saa nyingi, mara tatu au nne katika siku 50 hadi 60 ambazo mayai hukaa mchangani, ndicho cha kuhamisha. Pia kile kilichotagwa kwenye ukingo unaoliwa na kusi, ambapo mnaona ukuta wa mchanga uliokatwa wima: hicho hakitalowa tu, kitachukuliwa. Ufuo wa Shela unaikabili bahari kuu, kwa hiyo wakati wa kusi mpimeni ukingo huo kila wiki kwa vigingi, msikisie.

Uamuzi huo haupaswi kuwa wenu peke yenu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kasa na mayai yake, na kuyashika bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ni kosa hata kwa mwenye nia njema. Ombeni idhini ya kikundi mapema, kabla msimu haujachanganya, na watakaogusa mayai wawe watu wawili au watatu waliofunzwa, wanaojulikana kwa majina. Kasa hutaga karibu mwaka mzima Kenya, lakini wingi huwa kati ya Machi na Julai. Usiku wa manane si wakati wa kuanza kutafuta ruhusa.

Tuseme idhini ipo na kiota hakiwezi kubaki. Kazi nzuri huanza kasa akiwa bado anataga. Msimkaribie anapopanda wala anapochimba, atarudi baharini. Akishaanza kudondosha mayai hutulia, na mtu mmoja anaweza kukaa nyuma yake, amejiinamisha, kwa tochi nyekundu hafifu. Andikeni saa ya yai la kwanza, maana ndipo saa zenu zinapoanzia. Mkikuta njia tu, jaribuni kukadiria. Maji ya bamvua kwetu hujaa kama saa kumi alfajiri. Njia ya kupandia ikiwa imefutwa chini ya mstari mbichi wa kujaa, alipanda kabla ya hapo. Ikiwa inaukata mstari huo na kuendelea kushuka, alipanda baada yake. Ukilinganisha njia mbili, ya kupanda na ya kushuka, iliyo fupi ndiyo iliyo karibu na wakati maji yalipojaa. Msipoweza kuthibitisha kuwa saa sita hazijapita, kiacheni.

Mjue pia ni nani ametaga. Njia ya kasa wa kawaida ni pana, mita moja na zaidi, na mapezi ya mbele yamepiga mchanga sambamba, kushoto na kulia kwa pamoja. Ya ng'amba, aina nyingine ya kasa, ni nyembamba, kama sentimita 70 hadi 80, na mapezi yamepishana. Naye hupenda kujipenyeza vichakani. Wa tatu, ambaye wanasayansi humwita Lepidochelys olivacea, ni mdogo, njia yake nayo hupishana, na huonekana kwa nadra. Tofauti hii ina kazi: mayai ya kasa hulala kina kirefu kuliko ya ng'amba, na mkiyafukia yote kina kimoja mmekosea.

Msichome mchanga kwa fimbo kutafuta mayai. Yai moja likitobolewa, harufu yake huwaita sisimizi na kaa, na kuvu huanzia hapo. Kasa anapofukia husonga mbele huku akirusha mchanga nyuma, kwa hiyo lile shimo kubwa la mwisho karibu kila mara si mahali pa mayai. Mayai yako nyuma yake, upande alikotokea, chini ya tuta. Fukueni kwa mikono. Panapokuwa na mayai mchanga ni laini na una unyevu, mkono unazama bila kulazimisha. Pembeni ni mgumu. Mikono isiwe na mafuta ya kujipaka, dawa ya mbu wala manukato. Glavu safi ni bora.

Mkifikia yai la juu, simameni na kupima kwa futi ya fundi: kutoka usawa wa ufuo hadi yai la kwanza, kisha mkimaliza, hadi sakafu ya shimo. Vipimo hivyo viwili ndivyo mtakavyovirudia. Kwa kasa, sakafu mara nyingi ni sentimita 60 hadi 80. Kwa ng'amba kama 45 hadi 50. Tandikeni ndoo mchanga wenye unyevu kutoka kiotani, unene wa vidole vinne. Kila yai linyanyuliwe kwa vidole, upande wa juu ukibaki juu, na kuwekwa, lisidondoshwe. Ule ute msiufute wala msiuoshe, na ndoo isitiwe maji. Hesabuni mkiwa mnayatoa, si kwa kuyarudia. Funikeni kwa kitambaa chenye unyevu, kisha watu wawili waibebe ndoo kwa mikono, polepole. Punda, pikipiki na boti ya mashine hazina nafasi katika safari hii. Uzio ukiwa mbali mno kwa miguu, jueni uzio uko mahali pasipofaa, au mhamishie kiota juu zaidi kwenye ufuo ule ule, mita kumi au ishirini tu. Hilo ndilo ningelichagua mara nyingi.

Shimo jipya liwe limechimbwa kabla ndoo haijafika. Umbo lake ni la mtungi: mdomo mwembamba, kama sentimita 20 hadi 25, na tumbo lililopanuka chini hadi 30 na zaidi. Tumbo hilo ndilo chumba cha hewa, na vijana wengi huchimba shimo lililonyooka kama la nguzo, mayai yakabanana. Mkikuta mizizi ya mlakasa sogeeni, maana hupenya kiotani na kutoboa mayai. Yapangeni mawili mawili, rudishieni ule mchanga wenye unyevu kwanza, mkavu juu, na kushindilia kuwe kwa kiganja tu. Kutoka kiota hadi kiota iwe angalau mita moja.

Kuhusu paa lenu la makuti. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia ya mtoto wa kasa. Karibu na nyuzijoto 29 hupatikana madume na majike. Pakiwa baridi zaidi madume huwa wengi, pakiwa moto zaidi majike, na yakikaa juu ya 33 kwa muda mrefu mayai huanza kufa. Uzio wote ukiwa kivulini mnaweza kutoa madume watupu mwaka hadi mwaka. Jua tupu nalo si jibu: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kaskazini mwa mwamba mkuu wa matumbawe wa Australia ulikuta zaidi ya asilimia 99 ya kasa wadogo waliotoka fuo zenye joto ni majike. Toeni makuti nusu, zikeni kipimajoto kwenye kina cha mayai pande zote mbili, na muandike kila siku saa ile ile. Mchanga wa uzio ubadilishwe kila msimu, au uzio wenyewe uhamie mahali papya.

Kiota mnachokiacha mahali pake nacho kina kazi. Msikiwekee bango linaloonekana toka kwenye mashua. Pimeni umbali kutoka vitu viwili visivyohama, muandike daftarini. Dhidi ya mbwa na kenge, laza wavu wa mita moja kwa moja, sentimita 20 chini ya uso wa mchanga, matundu yake yasipungue sentimita 5 ili watoto wapite, ukishikiliwa na vigingi vya fito. Wavu wa plastiki ngumu au mianzi ni bora kuliko chuma, kwa kuwa chuma huvuruga usumaku wa mahali na kasa huutumia usumaku kujua njia. Upepo wa Shela huhamisha mchanga mwingi. Kigingi chenye alama pembeni ya kiota kitawaonyesha mchanga ukizidi sentimita 20, na uondoeni uliozidi tu.

Kuanzia siku ya 45 tembeleeni kila jioni. Mchanga ukibonyea katikati, wametoka mayaini na watapanda usiku wa leo au wa kesho. Waachieni watambae wenyewe. Kuwaweka kwenye beseni la maji wageni wapate kupiga picha asubuhi ni kuwamaliza: akiba ya kiini waliyonayo ni ya kuogelea mfululizo kama siku nzima kuvuka eneo lenye samaki wawindaji, na ndani ya beseni wanaitumia kuzunguka. Nyumba na hoteli zilizo jirani ziombwe kuzima taa zinazoangalia bahari usiku huo, au zifunikwe na kushushwa chini, zenye rangi ya kaharabu au nyekundu. Taa nyeupe huwageuza watoto wakaelekea barazani.

Siku tatu baada ya wengi kutoka, fukueni na kuhesabu: maganda yaliyo makubwa kuliko nusu ya yai, yasiyo na kiinitete kinachoonekana, yenye kiinitete kidogo, yenye mtoto aliyekamilika, waliotoboa wakafa, na walio hai chini. Mafuriko na joto kali mara nyingi huua waliokua tayari. Mkono wa mtu huua mwanzoni. Mkiwa na hesabu hizo kwa viota vilivyohamishwa na visivyohamishwa, msimu mmoja tu utawaonyesha uzio wenu unafanya kazi au la.

Na hizo shilingi 500. Kulipa ni sawa, tena ni haki. Kijana aliyekesha ufuoni ametumia usiku wake, na utaratibu wa kuwafidia wavuvi wanaotoa taarifa badala ya kuchinja umewasaidia sana kasa wa Watamu. Lakini malipo yenu yamefungwa mahali pabaya. Mkilipa kwa kiota kilichofika uzioni, kila kiota kitakuwa "karibu na maji", hata kilicho kwenye mlakasa, na kitabebwa saa yoyote kitakapoonekana. Nashuku hata yale mayai 112 yaliondolewa kwa sababu hiyo. Lipeni 200 mtu akileta taarifa na kiota kikathibitishwa kabla hakijaguswa, bila kujali kama kitahamishwa, na 300 zilizobaki siku ya kuhesabu maganda, mradi kiota hakikuibwa wala kuchimbwa na mbwa. Aliyechimba bila kibali cha wale watu wenu watatu asilipwe kitu, na jambo hili mlitangaze mbele ya kikundi cha ufuo (BMU) na wazee wa mji, ili asije mtu akasema hakujua.